Mkono wa Kushoto wa Mama Gradi

Hélène hakuwahi kumkabidhi mtu nguo kabla hajaipitishia kiganja. Hata mteja awe amesimama mlangoni anatazama saa, yeye alilitandaza gauni mezani akalipapasa taratibu kutoka mabegani hadi kwenye pindo, mbele na nyuma, akitafuta pini iliyosahaulika. Alifundishwa hivyo Uvira, na mama mmoja fundi ambaye mwanafunzi akiacha pini alimpa hiyo hiyo nguo aivae. Katika chumba chake cha kushonea pale Jules Street, Malvern, ugenini mbali kusini mwa kwao, wateja walikuwa wamezoea, na wenye haraka walijifunza kunyamaza. Fundi akimchoma bibi harusi mmoja, aliwaambia, hapati wa pili.

Basi mwanamke huyu mwenye vidole vinavyoona alikaa miaka mitatu bila kuupapasa mkono wake mwenyewe. Kilichomzuia ni woga. Nitaueleza ulikoanzia, maana mimi sipendi watu wanaomcheka mwenzao kabla hawajajua kilichomtia hofu.

Ulianza Aprili 2014, siku aliyozaliwa Gradi. Uchungu ulikwenda siku mbili, mtoto akatolewa kwa upasuaji, kisha damu ikakataa kukata. André, mumewe, aliitwa kando akaambiwa awe tayari kwa lolote. Hélène mwenyewe alisikia maneno hayo akiwa amelala pale, maana watu hudhani aliyefumba macho amefumba na masikio. Akaongezewa damu chupa nne. Jeraha likapata usaha, homa ikamshika wiki tatu, na alipotoka hospitalini hakuwa na nguvu hata ya kumbeba mtoto aliyemzaa. Gradi alikuwa msichana mzima, mnene, mwenye sauti. Kila mtu alisema Mungu ametenda, na Hélène aliitikia amina huku moyoni akiapa kwamba harudi tena kwenye kile kitanda.

Lakini ataapaje mtu mwenye mume? André alikuwa mlinzi katika maegesho ya magari ya duka kubwa, mtu mpole, anayeingia nyumbani akivua kofia kana kwamba nyumba ni ya mtu mwingine. Kwao walizaliwa tisa. Mama yake alipopiga simu kutoka Uvira hakuikata kabla hajauliza mdogo wake Gradi yuko njiani au bado. Na kwenye kundi lao la maombi, lililokuwa likikutana katika ukumbi wa kukodi jirani na Joubert Park, mwanamke anayezuia uzazi alihesabiwa kuwa amembishia Mungu mbele ya watu. Hélène hakubishana na yeyote. Ila mwezi damu ikichelewa siku mbili tu, uzi ulimkatalia kuingia kwenye tundu la sindano.

Ndipo aliposikia habari za kijiti. Ni kitu chembamba, laini, urefu wa njiti ya kibiriti, kinaingizwa chini ya ngozi ya mkono upande wa ndani, kinazuia mimba miaka mitatu. Hakuna vidonge vya kufichwa, hakuna sindano ya kila baada ya miezi miwili. Kilimfaa sana. Shida ilikuwa mahali pa kukipata, kwa sababu katika kliniki za mjini nusu ya wanawake wa kwenye foleni walikuwa wateja wake, na nusu nyingine waumini wenzake. Akaulizauliza kwa akili. Akaambiwa kuna kliniki ndogo nje kabisa ya mji, kwenye mashamba ya mahindi, mwendo wa saa moja na nusu kwa teksi, ambako Mkongo hapatikani hata wa dawa.

Alikwenda Agosti 2015, asubuhi ya baridi kali, akiwa amemuaga André kwamba anafuata vitambaa. Alikuta jengo la vyumba vitatu, benchi nje, na sista mmoja wa kila kitu: chanjo za watoto, presha, kikohozi, wajawazito na uzazi wa mpango. Sista huyo hakuwa mtu mbaya, na simsemi kwa ubaya. Alikuwa amefundishwa kazi ya kijiti kwa siku moja, akarudishwa kwenye foleni ya watu arobaini. Alimlaza Hélène, akamchoma ganzi kwenye mkono wa kushoto, akachukua kile chombo chake chenye sindano nene. Hélène akageuzia uso ukutani. Alisikia mlio mdogo kama wa bisibisi inayoteleza, akasikia kusukumwa, basi. Kabla bendeji haijafungwa vizuri mlango ukagongwa, ameletwa mama wa shambani ambaye mtoto alikuwa ameshaonyesha kichwa.

Kwa kawaida kazi ile haiishii pale. Sista hukitafuta kijiti kwa vidole vyake, kisha humwambia mwanamke akitafute kwa vyake, wakubaliane kwamba kipo. Siku hiyo hawakufika huko. Sista alimalizia bendeji huku akipiga kelele aletewe glavu, akajaza kadi: tarehe, mkono wa kushoto, kutolewa Agosti 2018. Hélène akashuka kitandani akatoka. Benchi zima lilikuwa limenyanyuka kumpisha mwenye uchungu, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza neno.

Nyumbani alijua la kufanya. Mafundi hufunga kimto cha pini kwenye kifundo cha mkono. Yeye kwa siku nne alikifunga juu kabisa, karibu na kwapa, kikaifunika bendeji. André alimtazama akadhani ni mtindo mpya wa kazi. Kadi aliitia ndani ya boksi la zipu, chini ya zipu nyeusi ambazo hazikuwa na mnunuzi.

Siku ya tano bendeji ilitoka, pakabaki kovu dogo kama la mbu. Siku hiyo Hélène alitaka kupapasa. Alikuwa ameshanyanyua mkono wa kulia. Lakini jirani yake wa dukani alikuwa Célestine, msusi kutoka Bukavu, mwanamke ambaye hata ukimwambia jina la kitoweo chako atakupa habari ya mtu aliyekufa kwa kukila. Hélène alimwamini kwa jambo hili moja, kwa sababu mtu hawezi kubeba siri peke yake kama mzigo wa kuni. Célestine akaudaka ule mkono ukiwa bado hewani.

"Ma chère, usikiguse," alisema. "Kile ukikigusa kinatembea. Kuna mama mmoja wa Yeoville alikuwa anakigusagusa, kikapanda mpaka kwapani. Kisha kikaingia kifuani. Walimrudisha kwao ndani ya sanduku."

Hélène aliushusha mkono. Hakuuliza jina la huyo mama, wala nani alimwona. Kuanzia hapo alilalia ubavu wa kulia, aliogea kwa sponji laini, na mtoto alipotaka kubebwa alimbeba upande mwingine. Aliishi na mkono wake kama mtu anayeishi na mpangaji asiyetaka kumkasirisha.

Tena akajiona ana bahati. Wenzake wenye kijiti aliwasikia saluni kwa Célestine wakilalamika: huyu anatokwa damu wiki mbili mfululizo, yule hajaona kitu tangu Krismasi, yule kichwa kinamuuma. Yeye mwezi wake ulikuja kama ulivyokuja tangu usichana, siku zake zile zile, bila hitilafu. Alimshukuru Mungu kimyakimya, akiona haya kidogo kumshukuru kwa jambo lile.

Miaka ikaenda. Gradi akaanza shule, akawa anajibu Kiswahili cha wazazi wake kwa Kizulu na Kiingereza. André akaanza kuomba. Kwanza aliomba kimya, baadaye akafunga siku tatu, mwaka 2017 akafunga siku ishirini na moja, akishinda maegeshoni juani bila maji, na jioni Hélène akimpikia uji wa kufungulia. Jumapili moja mchungaji aliwaita mbele wawili hao. Kanisa zima likanyoosha mikono kuwaelekea. Mama mmoja akaweka kiganja juu ya tumbo la Hélène na kulia kwa sauti. Hélène alifumba macho akauona mkono wake wa kushoto ukiwaka kama taa nyekundu ya barabarani, akasubiri mtu mmoja apige kelele kwamba ameuona.

Alimwogopa Mungu siku hiyo kuliko alivyowahi kuogopa kile kitanda cha hospitali. Na kitu kingine kilikuwa kimeanza kubadilika ndani yake. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Alianza kuwatazama watoto wachanga waliofungwa mgongoni mwa wateja wake, akawa anashona nguo za ubatizo bila kutaka ziishe haraka. Alijiambia kwamba Agosti 2018 ikifika atakitoa, atakaa kimya, na mimba itakuja kama jibu la mfungo wa André. Hakuna atakayejua. Mtoto huyo wangemwita Exaucé, maana yake Mungu amesikia. Jina lilikuwa tayari, kilichobaki ni kutoa kijiti.

Agosti ilipofika, hakurudi mashambani. Alichukua kadi akaenda kliniki ya mjini, ya watu wasiomjua, mtandio ukiwa umeshushwa hadi kwenye nyusi. Sista alimpapasa mkono. Akapapasa tena kwa kuminya. Akamwambia aukunje, aunyooshe, auinue. Akamwita mwenzake, naye akaminya.

"Eish, mama," alisema yule wa pili. "Mimi sikisikii. Una hakika walikiweka?"

Hélène alionyesha kadi. Alionyesha kovu. Masista wakatazamana, wakasema labda kiliingizwa ndani sana, kwenye nyama, na wao hawana ruhusa ya kuchimba. Wakamwandikia barua ya kwenda kliniki nyingine yenye mtu aliyezoea. Kule alikaa siku nzima akaambiwa huyo mtu aliyezoea amehamishwa tangu Mei. Akapewa barua nyingine ya hospitali kubwa ya serikali, na tarehe: Novemba.

Sasa hofu ikahamia kwake na vyombo vyake vyote. Kwenye mashine ya kushona, mguu ukiwa kwenye kanyagio, alisimama ghafla kusikiliza moyo. Kila ulipodunda vibaya alihesabu. Kichomi kikimshika begani alijua kijiti kinapita begani. Akikohoa alijua kimefika mapafuni. Célestine hakumsaidia. Alikuja kila siku akiwa na kitana kichwani, akamtazama usoni, akauliza kimefika wapi. Ilifika mahali Hélène akasahau kupitisha kiganja kwenye gauni la bibi harusi mmoja wa Kitanzania, na pini ikamchoma msichana wa watu ubavuni siku ya kujaribu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tano ya kazi. Alimwomba radhi, akafunga mlango, akakaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa na kulia.

Wiki mbili kabla ya tarehe ya hospitali aliona kwamba atakufa, na kwamba André atamzika bila kujua alichokufa nacho. Hilo hakuliweza. Jumapili mchana, Gradi akiwa anacheza kwa jirani, alimwambia mumewe yote, tangu vitambaa vya uongo hadi boksi la zipu. André alikuwa anafunga kamba za viatu. Alibaki ameinama.

"Miaka mitatu, Mama Gradi," alisema mwishowe. "Mimi ninafunga, na wewe unanipikia uji."

"Niliogopa kufa."

"Mimi pia niliogopa ufe. Uliniuliza?"

Hakumpiga, hakumtukana. Alivaa kofia yake, akaenda kazini siku ambayo haikuwa zamu yake. Kwa siku kumi na moja walizungumza kupitia mtoto: mwambie mama chumvi, mwambie baba simu. Hélène angependa kutukanwa. Kimya kile kilimkalia kifuani pamoja na kijiti, akawa hajui kipi kinamuuma.

Asubuhi ya miadi alimkuta André mlangoni amevaa shati lake la kanisani.

"Twende," alisema. "Kama kiko moyoni nataka nikione mwenyewe."

Walikaa kwenye foleni tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Walimpiga picha ya eksirei mkono wa kushoto, wakamwambia asubiri. Wakamwita tena wakapiga bega na kwapa. Wakasema asubiri. Walipomwita mara ya tatu kupiga kifua, Hélène alishika ukuta, na André, ambaye hakuwa amemgusa siku zote hizo, akamshika kiwiko. Alimshika kile cha kulia, kwa uangalifu. Hata yeye sasa alikuwa anauogopa ule wa kushoto.

Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alizungumza Kiingereza cha polepole ili waelewe. Alizibandika picha kwenye mwanga, moja baada ya nyingine, mifupa myeupe ya Hélène ikajipanga pale kama vipande vya gauni ambalo halijaunganishwa. Alieleza kwamba kijiti cha aina ile huonekana kwenye eksirei, hakiwezi kujificha. Akapitisha kalamu mkononi, begani, kifuani, kwenye moyo wenyewe.

"Hakuna kitu," alisema.

"Kimekwenda wapi?" Hélène aliuliza.

Daktari akasema hakijaenda popote. Kwa anavyoona yeye, hakikuingia. Kilibaki kwenye chombo chake, au kilidondoka kabla ya bendeji, kikafagiliwa pamoja na pamba chafu. Mwaka huo huo alikuwa ameona wanawake wengine wawili wa namna hiyo, kutoka kliniki za nje ya mji, mmoja akiwa na mimba ya miezi sita na kadi yake mkononi. Aliomba radhi kwa niaba ya watu asiowajua. Kisha akatabasamu, maana alikuwa na habari njema na habari njema hazikuwa nyingi kwenye kazi yake: hakuna kupasuliwa, hakuna hatari, moyo ni mzima. Kama walikuwa wanataka mtoto, hakuna kitu kilichowazuia tangu siku ile.

André alicheka. Alisema Bwana asifiwe, akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili, akatoka na mkewe hadi kwenye korido akifuta macho kwa mkono wa shati. Kila kitu alichokuwa amemkasirikia kilikuwa kimeondoka chumbani mle. Mkewe hatakufa. Mkewe hata hakuzuia chochote, ila kwa nia tu, na nia Mungu husamehe. Akawa anasema hivyo kwa sauti, haraka haraka, watu wa kwenye mabenchi wakiwatazama.

"Umesikia, Mama Gradi? Hakuna kilichotuzuia. Tangu siku ile, hakuna kilicho..."

Akaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

Hélène alikuwa ameshafika huko kabla yake. Alifika pale pale mbele ya picha, daktari akiwa bado anatabasamu, na ndiyo maana hakuwa amecheka. Fundi huhesabu haraka. Agosti 2015 hadi Novemba 2018. Miezi thelathini na tisa bila kinga yoyote, na damu yake ikija kila mwezi kwa siku zake bila hitilafu, ile aliyokuwa akiishukuru. Zamu za usiku za André hazikuwa nyingi kiasi hicho. Alikumbuka usaha, wiki tatu za homa, na daktari mwanamke aliyesema jambo kuhusu kizazi ambalo hakuna aliyelifafanua wakati ule, kwa kuwa wote walikuwa wanashukuru kwamba yuko hai. André alikuwa anatazama viganja vyake, naye labda alikuwa na lake analolikumbuka. Hawakuulizana.

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya baridi kule mashambani, Hélène alipandisha mkono wa gauni lake la kushoto akaweka kiganja cha kulia juu ya ngozi. Alipapasa taratibu kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, mbele na nyuma, kama anavyopapasa nguo ya mteja. Akarudia. Vidole vile ambavyo havijawahi kudanganywa na kitambaa vilimwambia yale yale aliyoyasema daktari. Hofu yake ya miaka mitatu ilikuwa na mahali pake, palikuwa hapa, na mtu angeweza kupasua hapo kwa kisu akaitoa. Hii mpya haikuwa na mahali.

Aligeuka akarudi alikotoka. André alimwita, hakusikia. Aliusukuma mlango bila kubisha, akamkuta daktari ameshaandika jina la mgonjwa mwingine na kuzishusha zile picha. Hélène alikuwa anajua vizuri ulikuwa mkono gani. Kadi ilisema, kovu lilisema, na kimto cha pini alikifunga mwenyewe siku nne. Hata hivyo aliketi kwenye kiti, akakunja mkono wa gauni upande wa kulia hadi juu begani, akaunyoosha mezani mbele ya yule kijana.

"Daktari, nakuomba," alisema. "Piga na huu."